Gitaa Lako Likianza Kukwaruza

Mwezi wa sita ukifika na mvua ikakatika, magitaa mengi ya Bujumbura huanza kulalamika. Lile lililopiga vizuri ibada za Pasaka sasa linatoa zzz kila mpigaji anapogusa uzi mnene wa Mi. Kijana wa kwaya anaongeza sauti ya amplifaya ili kuifunika kelele, nayo inapanda pamoja na sauti. Anabadilisha jeki. Anaazima amplifaya ya parokia jirani. Mwisho anachukua bisibisi na kuinua daraja la gitaa mpaka nyuzi zinakaa mbali na mti. Kelele imeisha, na vidole vyake navyo vimeisha.

Namwandikia yeye, na mpiga solo wa Bwiza anayetaka nyuzi zikae chini kabisa ili sebene itiririke, na yeyote aliyetumiwa gitaa la mtumba na ndugu yake aliyeko Brussels na hapa mjini hajapata wa kumuuliza. Kelele ya nyuzi haitoki kwenye gitaa zima. Inatoka mahali fulani, na mahali hapo panatafutika kwa sikio kabla hujagusa skrubu yoyote. Ukipapata, mara nyingi dawa ni robo mzunguko wa ufunguo mdogo. Usipopapata, utakaza na kulegeza kila kinachozunguka, na siku ukienda kwa fundi itambidi aanze kwa kufuta kazi yako.

Chomoa jeki kwanza

Kaa mahali penye ukimya, asubuhi mapema kabla redio za majirani hazijawashwa. Piga gitaa bila amplifaya, uzi mmoja mmoja, kwa nguvu ile ile unayotumia jukwaani. Kama hapo gitaa ni safi, na kelele inakuja tu ukichomeka jeki, tena inaendelea hata mikono ikiwa mapajani, basi nyuzi hazina kosa. Huo ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu zenye koili moja, kama zile za Stratocaster na nakala zake nyingi, hudaka mvumo huo kutoka kwenye transfoma, taa za tyubu, chaja za simu na jenereta. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, alibuni pikapu ya koili mbili zilizounganishwa kinyume, mvumo wa moja uue mvumo wa nyingine. Kama gitaa lako lina pikapu hizo pana na bado linavuma, kagua waya wa jeki na soketi yake kabla ya kitu kingine.

Kuna jaribio moja usiliruke. Gitaa likiwa kwenye amplifaya, funika nyuzi zote kwa kiganja. Mvumo ukipungua, usihangaike: waya wa ardhi wa gitaa umefika darajani kama inavyotakiwa. Ukiongezeka, au ukahisi vidole vinatekenywa, weka gitaa chini. Soketi za mtindo wa Kifaransa tunazotumia Burundi zina kijiti cha chuma kinachopeleka umeme ardhini, lakini adapta nyingi za bei rahisi zinakiacha kijiti hicho nje, na amplifaya inabaki bila ardhi. Umeshika nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni iliyounganishwa na mashine nyingine, na umeme unapata njia ya kupita kifuani mwako. Hapo suala si kelele tena. Usipige gitaa hilo mpaka fundi wa umeme aangalie ukumbi.

Umeme tuuache hapo. Tuseme gitaa lako linakwaruza hata bila jeki.

Kelele ya kuachwa ilivyo

Wapo wapigaji wanaotaka gitaa lisiwe na mkwaruzo hata chembe. Sikubaliani nao. Nyuzi zikikaa chini kiasi cha kupiga sebene kwa raha, zitagusa freti hapa na pale, na mguso huo mdogo unaousikia ukiwa umeliinamia gitaa haufiki kwenye pikapu kwa kiasi cha mtu kuusikia. Chomeka jeki, ondoa madoido yote, weka sauti ya kawaida ya mazoezi, kisha mwombe mwenzako asimame upande wa pili wa chumba akiwa amekupa mgongo. Kama yeye hasikii kitu, na noti zinadumu bila kukatika, gitaa lako ni zima. Wazee wetu wapiga ikembe walitia vipete vya chuma kwenye vyuma vya ala hiyo makusudi ili ivume, na hakuna aliyewaambia ala yao ni mbovu. Mkwaruzo wa kushughulikia ni ule unaoua noti kabla ya wakati wake, au unaosikika kwenye spika.

Mahali panapolia

Tyuni gitaa sawasawa, maana nyuzi zilizolegea hutoa majibu ya uongo. Kama kwaya yenu hushusha gitaa nusu tone ili waimbaji wafikie noti za juu, lipime likiwa limeshushwa hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo litakavyopigwa. Kisha tembea na kila uzi kutoka freti ya kwanza hadi ya mwisho, noti moja moja, na uandike panapolia. Andika kweli, kwenye karatasi. Ukifika uzi wa nne utakuwa umeshasahau wa kwanza ulisema nini.

Uzi ukilia ukiwa wazi tu, na ukiubonyeza freti ya kwanza unanyamaza, kosa liko kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mpakani mwa kichwa na shingo, chenye vifereji sita. Ukilia kuanzia wazi hadi freti ya nne au ya tano, halafu ukawa safi kadiri unavyopanda, shingo imenyooka kupita kiasi, au imepinda kinyumenyume. Ukiwa safi huku chini na kuanza kulia freti ya kumi na mbili kwenda juu, huku katikati ya shingo nyuzi ziko mbali na zinachosha vidole, shingo imepinda mbele kama upinde uliovutwa. Ukilia kila mahali kwa kiasi kile kile, nyuzi zimeshushwa mno darajani.

Na ukilia mahali pamoja tu, tuseme freti ya saba ya uzi wa Sol, mtuhumiwa si freti ya saba. Ni ya nane. Uzi uliobanwa kwenye ya saba unagonga freti inayofuata kuelekea mwilini. Nimeona magitaa yenye freti zilizopigwa nyundo zikabonyea, na yenye makosa iko pembeni yake, haijaguswa.

Mkwaruzo mwingi ninaokutana nao mjini hapa ni ule wa pili, wa freti za chini. Kwa hiyo nitakaa kwenye shingo kuliko pengine popote.

Shingo

Ndani ya shingo, chini ya ubao wa freti, inapita fimbo ya chuma. Nyuzi sita za seti ya 10-46, zikiwa zimetyuniwa kawaida, huvuta kichwa cha gitaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Fimbo inavuta upande wa pili. Thaddeus McHugh wa kiwanda cha Gibson ndiye aliyeibuni, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Leo Fender alidhani anaweza kuiacha: magitaa yake ya kwanza kabisa ya mwaka 1950 yalitengenezwa bila fimbo, shingo zikapinda, ikabidi iwekwe haraka. Kwa hiyo ukiona watu wanaiogopa fimbo hii na kusema isiguswe kamwe, jua iliwekwa pale ili iguswe. Inachodai ni mkono wa taratibu.

Shingo inasogea kwa sababu mti hunywa unyevu na kuutoa. Mvua zikiisha, mti unakauka, na mara nyingi shingo inarudi nyuma. Nyuzi zinashuka, freti za chini zinaanza kulia. Mvua zikirudi, inasogea tena mbele. Gitaa linaloishi Gitega, kwenye baridi ya milimani, likishushwa hapa kando ya ziwa litabadilika. Lililotoka Ubelgiji mwezi wa kwanza, kwenye nyumba iliyokaushwa hewa na radieta, litabadilika zaidi. La namna hiyo usilirekebishe siku linapofika. Lifungie nyuzi, lityuni, lipige kama kawaida wiki moja au mbili, ndipo upime.

Lakini mara nyingi tunasingizia hali ya hewa na kosa ni la mikono yetu. Kijana anasikia kwamba wapiga sebene hutumia nyuzi nyembamba, anatoa seti ya 10 na kuweka ya 09 au ya 08. Nguvu ya kuvuta inapungua, fimbo inabaki imekazwa kwa ajili ya nyuzi nene, na shingo inarudi nyuma. Jioni hiyo hiyo freti za kwanza zinakwaruza, na anaamini ameuziwa nyuzi mbovu. Au uzi wa Si umekatika, amenunua mmoja mmoja bila kuuliza namba, na sasa gitaa lina nyuzi za seti tatu tofauti. Tena kuna wanaofunga waya mmoja uliochomolewa kwenye breki ya baiskeli. Katika gitaa la kujitengenezea, sawa, wengi wamejifunzia hapo. Katika gitaa la umeme, waya huo una unene wake na uzito wake, hautapatana na wenzake, na hakuna skrubu itakayoupatanisha. Kabla ya kupima chochote, weka seti moja mpya, ya namba utakayoendelea nayo.

Sasa kipimo. Huhitaji kifaa cha dukani. Chukua uzi mwembamba wa Mi uliokatika, wa seti ya 10, ukate kipande cha sentimita kumi kilichonyooka. Unene wake ni robo milimita, na robo milimita ndiyo nafasi unayoitafuta. Weka gitaa katika hali ya kupigwa, si kulilaza chali, kwa sababu likilala shingo inaning'inia na kipimo kinabadilika. Bana uzi mnene wa Mi kwenye freti ya kwanza kwa kapo, au mdogo wako akubanie. Wewe bana uzi huo huo kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa umenyooka kati ya ncha mbili, na unaweza kuona mti unapindaje chini yake.

Tazama freti ya saba au ya nane. Pitisha kile kipande juu ya freti, chini ya uzi. Kikipita kwa kugusa kidogo bila kuuinua uzi, shingo iko vizuri. Kisipopita, uzi ukiwa umelala juu ya freti, shingo imenyooka mno. Kikipita na mwanga bado unaonekana juu yake, imepinda mbele. Ukitaka uhakika zaidi, mafundi wa gereji za Buyenzi wana vile vibao vyembamba vya chuma wanavyopimia valvu za pikipiki, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Mwombe fundi akuazime cha 0.25 kwa dakika tano. Atakucheka kwanza, kisha atataka kuona unafanya nini.

Tundu la fimbo huwa kichwani, nyuma ya kile kipande cha vifereji, aghalabu chini ya kifuniko cha plastiki. Kwenye baadhi ya magitaa ya mtindo wa zamani liko upande wa mwilini, na shingo lazima ifunguliwe. Hayo ya pili, kama hujawahi kufungua shingo, muachie fundi. Ufunguo mara nyingi ni alenki, na hapa ndipo magitaa mengi yanapoharibikia. Nyingine ni za milimita, nyingine za inchi, na inayokaribia kuingia ndiyo mbaya kuliko isiyoingia kabisa, kwa sababu inazunguka ndani na kula kona za tundu. Tundu likishaliwa, gitaa la bei nafuu limekwisha thamani. Alenki isipokaa kwa kubana, nenda katafute nyingine.

Ukitazama tundu uso kwa uso, kuzungusha upande wa mshale wa saa kunakaza fimbo na kunyoosha shingo. Kuzungusha kinyume kunailegeza, na nyuzi zinapata kuivuta shingo mbele. Gitaa la kiangazi linalolia freti za chini kwa kawaida linataka kulegezwa. Zungusha robo, si zaidi. Tyuni upya, pima upya. Ukiwa unakaza, legeza nyuzi kwanza ili fimbo isipigane nazo. Kisha liache gitaa mpaka kesho yake na upime tena kabla ya robo nyingine, kwa sababu shingo huendelea kusogea kidogo kidogo baada ya wewe kuondoka. Kama umefikisha mzunguko mzima na hakuna kilichobadilika, au fimbo imegoma hata kwa robo ya kwanza, simama. Hiyo ni kazi ya mtu mwingine.

Darajani

Shingo ikikaa sawa, mara nyingi zaidi ya nusu ya kelele zimekwisha, na zilizobaki zinajieleza zenyewe. Ndiyo maana daraja linafuata shingo, halitangulii. Yule kijana aliyeanza na daraja aliinua nyuzi kutibu shingo, na akishaitibu shingo itabidi ayashushe yote aliyoyainua.

Fender hupendekeza, kwa shingo zake nyingi za sasa, nafasi ya milimita 1.6 kati ya uzi na freti ya kumi na saba. Mediatori za Dunlop zimeandikwa unene: ya 0.73 ikiwekwa juu ya ya 0.88 inakupa 1.61, na kipimo chako kiko mfukoni. Zilaze mbili hizo juu ya freti ya kumi na saba na uzungushe skrubu za kikalio cha uzi pale darajani mpaka uzi uziguse bila kukandamizwa. Kama kikalio kina skrubu mbili, zipeleke pamoja, kisikae upande. Nyuzi nene hucheza kwa upana zaidi, zipe nafasi kubwa kidogo kuliko nyembamba.

Kutoka hapo amua kwa mkono wako. Anayekaa freti za juu na kugusa nyuzi kwa wepesi, akitafuta ile sauti safi inayosikika kwenye rekodi za Docteur Nico na African Fiesta za miaka ya 1960, anaweza kushuka chini ya kipimo hicho. Anayeshika mpigo na kugonga nyuzi zote sita ili asikike juu ya ngoma hawezi, na asijaribu. Shusha uzi kidogo kidogo mpaka uanze kulia kwa mguso wako wa kawaida, kisha uupandishe kiasi kidogo, basi. Gitaa la mtu mwingine lililoshushwa zaidi ya lako halikuhusu. Mkono wake si wako.

Ukishabadilisha urefu, linganisha noti ya freti ya kumi na mbili na ile ya kengele inayotoka uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo hiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele.

Vifereji vya kichwani

Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Panatakiwa nafasi ndogo sana, kiasi cha kuona mwanga, na ukigusa uzi hapo kwa kidole unasikia unashuka. Kama umelala juu ya freti, kifereji kimeliwa. Hutokea sana kwenye vipande vya plastiki laini, hasa uzi wa Sol, ukiwa unatyuniwa kila siku bila kupakwa kitu. Dawa ya kudumu ni kipande kipya, cha mfupa ikiwezekana, na mfupa wa ng'ombe haujawahi kuadimika Burundi. Anayehitajika ni fundi mwenye tupa nyembamba na subira. Dawa ya muda, nayo hudumu kuliko watu wanavyodhani, ni kujaza kifereji kwa soda ya kupikia, kudondoshea tone moja la gundi ya supagluu, kuacha kikauke na kuchonga upya taratibu. Ziba kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi kila kisichotakiwa kuguswa, hasa ubao wa freti, na uwe mbali na watoto: supagluu inapokutana na soda hupata joto na kutoa moshi mkali.

Kuna sauti nyingine ya hapo, nyembamba na ya kuwasha sikio, kama uzi una nzi ndani yake. Hiyo hutokea kifereji kinapokuwa tambarare, uzi ukachezea upande wa ndani badala ya kuishia sawasawa ukingoni mwa shingo. Kifereji kinatakiwa kiteremke kuelekea kichwani. Chukua uzi mnene wa zamani, uupitishe mara kadhaa ukiuelekeza chini upande wa vikazio vya kutyunia. Mara chache tu, kisha sikiliza.

Freti moja yenye kiburi

Kwa ile kelele ya mahali pamoja, toa kadi ya benki. Ukingo wake umenyooka vya kutosha. Isimamishe juu ya freti tatu kwa wakati mmoja, ile unayoishuku ikiwa katikati. Huku chini, freti zinapokaa mbali, tumia ukingo mrefu. Huku juu tumia mfupi. Kadi ikicheza, ikiinama huku na huku, freti ya katikati imeinuka. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikishuka na kupanda, imeng'oka kidogo kwenye mti wake: weka juu yake kipande cha mti laini na uigonge kwa nyundo ndogo, kwa upole, huku shingo imeegemezwa kwenye kitu kigumu upande wa chini. Ikiwa imara na bado imeinuka, inahitaji kusawazishwa kwa tupa, na hapo nakusihi uache. Msasa unaotumiwa na asiyejua huishusha freti moja na kuzifanya kumi zilie.

Vitu vinavyojifanya nyuzi

Umemaliza yote na bado kuna mlio? Huenda si uzi. Piga noti inayoleta kelele, na wakati inalia shika sehemu za gitaa moja moja kwa mkono wa bure, au mwenzako azishike. Nati zilizozunguka vikazio kichwani hulegea, spana ndogo inamaliza. Skrubu za vikalio hutetemeka, tone la rangi ya kucha linazituliza bila kuzifunga milele. Gitaa lenye mkono wa kutikisa sauti lina springi mgongoni, na hizo huimba zenyewe baada ya wewe kukata noti: fungua kifuniko, zitie kipande cha sponji. Vipande vya nyuzi vilivyo kati ya vifereji na vikazio navyo huitikia. Mpira wa nywele uliofungwa hapo unavinyamazisha, na si aibu, wapigaji wengi wa studio hufanya hivyo.

Nyuzi nyingine zinaitikia kwa sababu mkono haujazizima. Hilo halina skrubu. Tuliza upande wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi nene unapopiga nyembamba, na vidole vya kushoto visivyo na kazi vilale kidogo juu ya zile usizozipiga.

Mwisho angalia pikapu. Watu huziinua hadi karibu na nyuzi ili gitaa lipate nguvu, na sumaku zake zinaanza kuvuta uzi. Matokeo ni noti inayoyumba huko juu ya shingo, kama gitaa haliko tyuni na huku liko, na wengi huichukulia kuwa mkwaruzo wa freti. Bana uzi kwenye freti ya mwisho. Kwa pikapu ya koili moja, acha kama milimita 2 kutoka kwenye uzi mwembamba wa Mi na milimita 2.4 kutoka kwenye mnene. Sauti itapungua kidogo, na amplifaya ina kitufe cha kuirudisha.

Ikibidi uende kwa fundi, usimwambie gitaa "linalia vibaya". Peleka ile karatasi. Mwambie: "Fundi, uzi wa Sol, freti ya saba, noti inakatika hata bila jeki. Shingo nimeipima, ina robo milimita. Nyuzi ni za 10, na nitaendelea na hizo hizo." Gitaa liwe na nyuzi zake, lisiwe tupu. Patana bei ya kusawazisha freti kabla hajashika tupa, muulize kama atasawazisha zote au moja, na kabla hujalipa, kaa hapo hapo kwake ulipige bila amplifaya, uzi mmoja mmoja, ukifuata karatasi yako kutoka juu hadi chini.